Jina la Mstari wa Kwanza

Mitambo ilikuwa mitano. Fundi aliipangusa vumbi kila Jumatatu kwa kitambaa kile kile cha njano, na hata ungemfunga macho angekuambia ni upi wenye feni inayokoroma na ni upi unaochoma ukiugusa ubavuni. Lakini Jumatatu ile, saa saba mchana, skrini ya kompyuta aliyoipakata ilimwambia kwa maandishi ya kijani kwamba imeona mitambo sita.

Akahesabu kwa kidole. Mitano. Akachungulia nyuma ya kabati, huenda kuna kitu alikisahau. Hakukuwa na kitu isipokuwa kibanio cha nywele cha mwanawe kilichopotea tangu mwezi uliopita. Akahesabu mara ya tatu, safari hii kwa sauti, kama wafanyavyo watu wanaotaka kujihakikishia kuwa bado wana akili zao. Mitano.

Hapo ndipo ilipomjia harufu ya maziwa yaliyoungua. Chumba cha mitambo cha hospitali alikofanya kazi kilikuwa chini kabisa ya jengo. Hakikuwa na dirisha, na jiko la wagonjwa lilikuwa ghorofa ya pili, upande wa pili kabisa. Fundi alinusa, akakunja uso, akajiambia kuwa huenda kuna waya unaungua. Hakuona waya wowote ulioungua.

Tusimlaumu sana Fundi, maana aliyemfikisha hapo ni Bosi. Bosi, yaani mkurugenzi wa hospitali, alikwenda semina ya siku mbili akarudi na mkoba mpya na wazo jipya. Wazo lenyewe lilikuwa programu ya kusimamia mitambo, ambayo ingemwezesha kuona seva zote, yaani ile mitambo ya kompyuta, kwenye skrini moja ofisini kwake, zenye afya kwa rangi ya kijani na zinazougua kwa nyekundu.

"Nataka nikae hapa, ninywe chai yangu, nione kila mtambo unavyopumua," alisema. "Ijumaa wajumbe wa bodi wanakuja. Ijumaa hii, Fundi, si ya mwezi ujao."

"Bosi, ile programu inachagua. Haikubali kila Linux."

"Basi ifanye ikubali. Si ndiyo kazi yako?"

Tatizo lilikuwa hili. Linux, mfumo unaoiendesha mitambo ile, ni kama nguo. Ziko zilizoshonwa kiwandani, zinazojulikana na kila mtu, na ziko ambazo fundi alijishonea mwenyewe nyumbani. Ile ya hospitali aliishona Mzee Nati, fundi aliyekuwapo kabla ya Fundi wetu, miaka kumi na mmoja iliyopita, na hakuna mwingine duniani aliyeivaa. Haikuwahi kuanguka hata siku moja. Lakini kwenye orodha ya programu ya Bosi haikuwamo, na kila Fundi alipojaribu kuiweka, programu ilisoma jina la mfumo, ikakuta haiujui, ikagoma. Aliwaandikia wauzaji kuomba msaada. Walimjibu kwa mistari miwili: mfumo wenu hauko kwenye orodha yetu, hatuwezi kuusaidia; asante kwa kutuchagua.

Sasa, mafundi wana ujanja wao. Katika kila mfumo wa namna hiyo kuna kifaili kidogo ambacho mfumo hujitambulisha kwacho. Mstari wa kwanza una jina, wa pili una toleo, basi. Ukibadilisha mstari wa kwanza ukaandika jina lililo kwenye orodha, programu inadanganyika na kuingia. Ni uongo mdogo, mafundi wengi wameusema na wamelala usingizi mnono usiku huo huo.

Fundi alikifungua kile kifaili kwenye mtambo mkuu, unaoiongoza mingine. Kwenye mstari wa kwanza kulikuwa na neno fupi ambalo hakupata kulisoma popote. Alikuwa karibu kuhifadhi nakala, kama alivyozoea kufanya kabla ya kugusa chochote, na kama Mzee Nati alivyomfundisha hadi masikio yakamuuma. Simu ikalia. Ilikuwa Kasuku.

Kasuku ni mwanawe, binti wa miaka saba, aliyepewa jina hilo la utani na bibi yake kwa sababu tangu ajue kusoma hakuna maandishi yaliyopona mbele yake. Alisoma vibao, mifuko ya sabuni, stakabadhi zilizotupwa barabarani, na vyote alivisoma kwa sauti. Siku hiyo alitaka kumsomea mama yake karatasi ya dawa ya kikohozi.

"Mama, sikiliza. 'Tikisa kabla ya kutumia.' Tikisa ni neno jipya? Mwalimu anataka neno jipya la Ijumaa."

"Tikisa unalijua, Kasuku. Tafuta lingine."

"Wiki iliyopita nilishinda. Nilileta 'uvuguvugu'. Darasa zima lilirudia mara tatu!"

"Hongera mama. Haya, niache nifanye kazi."

Alipokata simu, vidole vyake vilikuwa vimekwisha kufuta mstari wa kwanza, kuandika jina la uongo na kuhifadhi. Nakala hakuwa ameweka. Akajaribu kulikumbuka lile neno la zamani, likawa limemtoka kabisa, kama ndoto inavyomtoka mtu akishanawa uso. Akasonya. Neno lenyewe la nini? Programu ikaingia bila kinyongo. Ikamwomba nenosiri, naye, kama wanavyofanya mama wengi na kama anavyowakataza wafanyakazi wote wa hospitali wasifanye, akaandika jina halisi la mwanawe. Kisha programu ikahesabu mitambo, ikapata sita.

Wa sita haukuwa na jina wala anwani. Palipotakiwa jina palikuwa peupe, na kando yake kitaa cha kijani kiliwaka na kuzima, polepole, mfano wa mtu anayepumua.

*

Jumanne, ile nafasi nyeupe ilikuwa imejaa. Paliandikwa jina la Sista, muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi, majina yake yote matatu.

Fundi alidhani kuna mtu anacheza. Alilifuta, na alipopandisha macho likawa limerudi. Saa saba kamili Sista mwenyewe aliteremka ngazi, mikono kiunoni.

"Fundi, huko chini kuna nani?"

"Niko peke yangu, Sista. Kuna nini?"

"Tangu asubuhi naitwa. Naitwa kwa jina nililopewa na marehemu mama yangu, ambalo hapa kazini hakuna anayelijua. Nikigeuka, hakuna mtu. Nikiinua simu, nasikia jina langu na pumzi."

"Umeitika?"

"Niitike! Mimi mtu asiyejitokeza simwitikii, nina wazazi kumi na wanane juu na wote wanapiga kelele." Alinusa hewa. "Na wewe acha kuchemsha maziwa humu, utaunguza hospitali."

Alipanda zake. Fundi alibaki ameshika kitambaa cha njano.

Jumatano jina lilikuwa la dereva wa gari la wagonjwa. Fundi alipoliona aliondoka mbio kumtafuta, akamkosa gereji, akamkosa kantini. Mfagiaji akamwambia amemwona akiteremka ngazi huku akisema "Naam! Naam, nakuja!" kwa uchangamfu wa mtu aliyeitwa na rafiki. Fundi alirudi chini akiruka ngazi mbili mbili. Dereva alikuwa amekaa sakafuni ndani ya chumba cha mitambo, uso umegusana na ukuta, na viatu amevivua na kuvipanga vizuri mlangoni, kama mtu aliyeingia nyumba ya watu.

"Kaka, kaka, vipi? Unaumwa?"

Aligeuka taratibu. Alikuwa mcheshi yule, mtu wa kutania hata wagonjwa wa mifupa. Sasa alimtazama Fundi kama anavyotazamwa mtu usiyemjua.

"Unaitwa nani?" Fundi alimuuliza.

Dereva alifikiri. "Nilikuwa nalo," alisema kwa kunong'ona. "Ameliazima. Amelijaribu, amesema linambana. Amesema nisubiri."

Walimlaza ghorofa ya kwanza. Mkewe alikuja, akamwita kwa jina lake mara kumi, na kila mara dereva alimtazama kwa adabu na kumwomba radhi. Kumbukumbu zilimrudia jua lilipokaribia kuzama, akalia kama mtoto. Daktari aliandika kuwa ni uchovu.

Fundi hakulala usiku huo. Alijua sasa kuwa hakuna anayecheza, na alijua pia, ingawa hakutaka kulisema hata moyoni, kuwa mlango ameufungua yeye.

*

Alhamisi asubuhi aliing'oa programu ya Bosi, yote, hadi mzizi. Akazima mitambo mmoja baada ya mwingine, akaiwasha, kazi iliyomfikisha adhuhuri. Hakukuwa tena na programu ya kuhesabu chochote, lakini ile orodha ilijiandika yenyewe kwenye skrini nyeusi, mstari mmoja mmoja, mitambo mitano kwa majina yake, na wa sita chini yao ukiwa na jina la mwanawe.

Hakumbuki alipandaje ngazi. Anachokumbuka ni kwamba ilikuwa saa saba kasoro dakika chache, saa ambayo watoto wa darasa la pili huwa wamekwisha kurudi nyumbani, na kwamba alikimbia mitaa minne mizima akiwa na kitambaa cha njano mkononi, akipita duka la vipuri na kinyozi na foleni ya watu wanaochota maji, watu wakimpisha na kumwuliza dada kuna nini, naye hana pumzi ya kuwajibu kwa sababu pumzi yote iliyokuwamo kifuani alikuwa anaitumia kusema jina moja, na alipogundua kwamba analisema, na kwamba huenda kuna mwingine anayelisema wakati huo huo kwa sauti ile ile, akaufumba mdomo na kuendelea kukimbia kimya.

Kasuku alikuwa amesimama langoni, mashavu yamevimba.

"Mama!" alisema baada ya kumeza. "Si ulikuwa nyuma ya nyumba? Umeniita mara mbili. Sikuitika, maana mdomo ulikuwa umejaa, na bibi kasema nisiongee na chakula mdomoni."

Fundi alimkumbatia kwa nguvu hadi mtoto akalalamika. Tonge moja ndilo lililomwokoa mwanawe.

*

Mzee Nati alikuwa anaishi chumba cha uani, kwa mwanawe wa kiume, akitengeneza redio za watu waliokwisha kununua nyingine. Jina la Nati lilitokana na nati zilizokuwa zinalia mfukoni mwake kila alipotembea. Fundi na Kasuku walimkuta amepinda juu ya redio, miwani miwili usoni, mmoja juu ya mwingine.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti yangu. Huyo ndiye Kasuku? Amekuwa mkubwa. Mbona unahema hivyo, umefukuzwa na mbwa?"

Fundi alimweleza yote, kwa sauti ya chini, huku amemshika mkono Kasuku, ambaye hakuwa na habari nao, alikuwa anasoma kwa sauti maandishi ya kila redio iliyokuwa mezani. Mzee alitabasamu alipomsikia Bosi na chai yake. Aliposikia habari ya mstari wa kwanza, tabasamu likamkauka.

"Uliweka nakala?"

"Hapana."

"Mimi nilikufundisha nini?"

"Nisiguse kitu bila nakala."

Mzee aliweka bisibisi chini.

"Miezi sita ya kwanza," alisema, "niliunguza mitambo saba kwenye chumba kile. Saba! Walitaka kunifukuza kazi. Kila uliokuja na jina lake la dukani uliungua saa saba mchana, na maziwa yananuka. Siku moja nilichoka, nikakaa sakafuni, nikasema kwa sauti, wewe mwenye chumba, unataka nini? Neno moja likatokea kwenye skrini. Nikaelewa. Chumba ni chake tangu kabla hatujajenga. Hakutaka chochote humo kijiite mwenyeji isipokuwa yeye. Basi nikashona mfumo wangu, na mstari wa kwanza nikaandika jina lake. Akatulia. Umefanya kazi pale miaka mitano, uliwahi kumsikia?"

"Sijawahi."

"Ulikuwa unampangusa vumbi kila Jumatatu."

Fundi alitamani kulia. "Sasa hana jina, anazunguka kuazima ya watu."

"Ndiyo. Anajaribu hili na lile. La mtu mzima linambana. La mtoto..." Mzee alimtazama Kasuku, akaliacha hapo.

"Niambie lilikuwa neno gani nikaliandike sasa hivi."

"Silijui. Halikai kichwani. Nililinakili herufi moja moja huku nalitazama, nilipogeuka likawa limenitoka. Na masharti yake yalikuwa mawili. Liandikwe mle chumbani tu, lisitoke nje. Ndiyo maana kifaili kile nilikitoa kwenye nakala za kila wiki zinazopelekwa nje. La pili, lisitamkwe kamwe."

"Likitamkwa?"

"Sikiliza, binti yangu. Sasa hivi yeye ndiye anayeita. Ni shida, lakini dawa ipo. Akiitwa yeye, kwa jina lake, ataitika. Na akiitika hana haja na chumba tena. Atakaa na waliomwita. Dawa ya hilo mimi sina."

Walitazamana. Kisha yule mwalimu na mwanafunzi wake wakafikiri jambo moja kwa wakati mmoja, maana kazi yao ni moja. Kitu ukikifuta kwenye diski hakiondoki siku hiyo hiyo. Kinafutwa kwenye orodha tu, na mwili wake hubaki pale pale ulipolala, hadi kingine kiandikwe juu yake.

"Mstari wa pili unaukumbuka?" aliuliza Mzee.

"Toleo la kumi na moja, kwa maneno, si kwa tarakimu. Nilikuwa nakucheka."

"Basi tafuta diski nzima palipo na maneno hayo. Mstari ulio juu yake ndio yeye. Na huyu mtoto tunakwenda naye. Asiwe mbali na macho yako hata hatua tatu."

*

Saa tisa walikuwa chini. Mzee alimkalisha Kasuku kwenye stuli nyuma ya Fundi, akamziba masikio kwa pamba ya wodini, akamfunga kitambaa juu yake hadi mtoto akafanana na mgonjwa wa meno. Akampa pipi mkono mmoja, na kalamu ya mfukoni mwake mkono mwingine, na karatasi ya kuchora. Akaweka kidole mdomoni: kimya. Kasuku alitikisa kichwa kukubali, kwa bidii. Alipenda kupewa kazi.

Fundi aliiamuru mashine isome diski nzima, chembe kwa chembe. Tarakimu zikaanza kutiririka. Feni inayokoroma ikakoroma. Kwa nusu saa hakukuwa na kitu kingine.

Kisha harufu ikaja, nzito, ya maziwa yaliyomwagikia moto na kuachwa, na taa ya darini ikaanza kufifia na kurudi kwa mwendo ule ule wa pumzi, na kutoka nyuma ya kabati, ambako Fundi alijua kuwa hakuna nafasi ya hata paka kupita, ikatoka sauti yake mwenyewe, sauti ya Fundi, ile ya jioni anapokuwa amechoka lakini ana furaha, ikimwita mwanawe njoo mama, njoo uone nimekuletea nini, mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa kubembeleza, mara ya tatu kwa kilio cha mama aliyeangukiwa na kitu na anayemhitaji mtoto wake sasa hivi, na Fundi aliyekuwa amekaa pale mdomo umefumba, akijisikia analia upande wa pili wa kabati, alilazimika kujigusa koo kwa vidole ahakikishe kuwa halitikisiki.

"Usigeuke," Mzee alinong'ona. Alikuwa amesimama uso ukutani, ili asilione jina likitokea. "Tazama kazi yako."

"Mzee, naogopa."

"Na mimi pia. Tazama kazi yako."

Skrini ikasimama. Toleo la kumi na moja, kwa maneno. Na juu yake, neno moja fupi.

Fundi hakulisoma. Alilitazama kama anavyotazama rangi za nyaya, hii kisha hii, herufi moja ikitoka hapa na kuwekwa kule, midomo ameibana kwa meno. Alipomaliza akahifadhi. Papo hapo sauti ilikatika katikati ya kilio. Taa ikatulia. Hewa ya baridi ya kiyoyozi, ambayo hakuwa ameisikia siku nne, ikampiga usoni. Kwenye orodha mitambo ilikuwa mitano.

Mzee Nati aliketi sakafuni, akafuta jasho, akaanza kucheka kicheko kidogo cha mtu aliyetua mzigo. Fundi alimnyanyua mwanawe kwenye stuli na kumbusu uso mzima. Karatasi ya kuchora ilikuwa tupu, lakini hilo halikumshughulisha. Njiani kurudi nyumbani Kasuku alikuwa ameufumba mkono wa kushoto, hakutaka kushikwa mkono huo, na Fundi alidhani ni ile pipi, amechelea kuombwa.

*

Ijumaa kulikuwa na utulivu wa ajabu. Dereva alirudi kazini na kumtania mlinzi. Bosi alinuna kwa sababu ya programu yake, kisha wajumbe wa bodi wakapiga simu kuahirisha, akanunua keki. Fundi alikula kipande chake ofisini, miguu juu ya kiti, akiwa na furaha kweli kweli, furaha ya mtu aliyenusurika.

Saa tano na nusu alipigiwa simu na mama yake, kuuliza chumvi imewekwa wapi. Waliongea hili na lile.

"Na huyu mwanao," alisema mama, "jana ulipomleta alikataa kunawa mkono mmoja. Kumbe kaandika kitu kiganjani kwa kalamu. Akakaa mezani anakinakili daftarini, herufi moja moja, ulimi nje. Nikamuuliza ni nini hicho, akasema ni neno lake la Ijumaa, kalikuta kazini kwako, hakuna mtoto mwingine atakayekuwa nalo."

"Mama. Alilisoma?"

"Hata! Nilimwambia nisomee, akasema Mzee kamkataza kusema mle ndani, na nje nako anataka liwe la kwanza darasani. Mimi miwani yangu siioni, sikuweza... Haloo? We mwanangu?"

Walimziba mtoto masikio. Macho hawakuyakumbuka.

Shule ilikuwa mtaa wa tatu. Alipovuka lango, mlinzi akimfuata kwa maswali, alisikia kutoka mwisho wa ukumbi mrefu sauti za watoto wa darasa la pili, mmoja akisema peke yake na wengine wote wakirudia mara tatu, "bawaba, bawaba, bawaba," kisha makofi, kisha Mwalimu akisema vizuri sana, anayefuata, na Fundi akakimbia huku akipiga kelele subirini, Mwalimu subiri, lakini mbio zilikuwa zimemmaliza pumzi, sauti ikatoka mkwaruzo tu, na milango ya madarasa ilikuwa mingi, na watoto kule walikuwa wanasema "kipepeo, kipepeo, kipepeo," na makofi, na anayefuata, na alipoushika mlango wa darasa Kasuku alikuwa amekwisha kusimama mbele, daftari mikononi, kidevu juu.

Mtoto alimwona mama yake mlangoni, akatabasamu. Akalisoma neno lake vizuri, kwa sauti, bila kukwama hata herufi moja.

"Hilo kweli jipya!" alisema Mwalimu. "Wote!"

Wakarudia mara tatu.

Hakuna aliyepiga makofi. Harufu ya maziwa yaliyoungua ilitanda darasani taratibu, watoto wawili watatu wakaziba pua.

"Naam," ikaitika sauti kutoka dawati la nyuma.

Kwenye kona ya ubao Mwalimu alikuwa ameandika idadi ya waliohudhuria siku hiyo: thelathini na wanane. Fundi alinyoosha kidole, akahesabu vichwa. Akahesabu tena. Mara ya tatu alihesabu kwa sauti, na mara zote tatu walikuwa thelathini na tisa.